Kutoka Mwanza hadi mkataba wa raga: mwongozo wa kijana asiye na ligi mlangoni

Kijana wa Mwanza anayetaka kulipwa kwa kucheza raga amepungukiwa na kitu kimoja kuliko vyote, nacho si mwili wala mbio. Amepungukiwa na mechi. Mwenzake wa Kisumu au Kampala akifika miaka 19 anakuwa ameshacheza misimu kadhaa ya shule na klabu, mechi zenye refa, zenye matokeo yaliyoandikwa, zenye wapinzani wanaomjua kwa jina. Kocha wa klabu inayolipa hanunui umbo. Anataka kuona unafanya nini dakika ya 70, pumzi imekata na mtu wa kilo 110 anakujia, na jambo hilo linaonekana kwenye mechi tu. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inafanya mojawapo ya kazi mbili: kukuongezea mechi, au kukuzuia usizipoteze kwa majeraha, adhabu na makaratasi.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Raga tunayoizungumzia ina sura mbili. Ya wachezaji 15 huchezwa dakika 80. Ya wachezaji saba huchezwa dakika 14, vipindi viwili vya dakika saba, kwenye uwanja wa ukubwa uleule. Hesabu ya pointi ni moja: trai (kugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) 5, mkwaju wa baada ya trai 2, penalti 3, na shuti la kudondosha mpira 3.

Mwanza ni rahisi kuanza na saba, kwa sababu vijana kumi wenye nia wanatosha. Saba pia ndiyo itakayokuonyesha: kwenye mashindano ya wikendi moja unacheza mechi tano au sita, na makocha wengi wamekaa jukwaa moja. Majirani zetu wamefika mbali kwa njia hii. Kenya ilitwaa ubingwa wa Singapore mwaka 2016 kwa kuifunga Fiji 30-7 kwenye fainali.

Ila mshahara wa kudumu uko kwenye raga ya 15. Mchezo huu uliruhusiwa rasmi kuwa wa kulipwa mwezi Agosti 1995, na tangu hapo fedha zimejikusanya kwenye ligi za klabu: Top 14 na Pro D2 za Ufaransa, Premiership ya Uingereza, United Rugby Championship inayokutanisha timu za Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini, League One ya Japani, na Major League Rugby ya Marekani iliyoanza 2018. Kwenye saba, malipo mengi hutoka kwa vyama vya taifa, hivyo riziki yako itategemea timu ya nchi yako imefika ngazi gani. Saba ikuonyeshe, 15 ikulishe. Jifunze zote mbili tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Mpira, viatu na uwanja

Mpira wa watu wazima ni namba 5, gramu 410 hadi 460, na upepo wake ni psi 9.5 hadi 10. Usipime kwa kubonyeza na kidole gumba. Upeleke kwa fundi baiskeli mwenye geji, ukiwa na sindano yako ya kujazia. Mpira uliolegea hushikika kirahisi, kwa hiyo unaweza kujiona una mikono mizuri, halafu siku ya mashindano wakakupa mpira mgumu ukakuponyoka mara nne.

Viatu vya mtumba vya Mlango Mmoja vinafaa kabisa ukijua cha kukagua. Meno yasizidi milimita 21 na yasiwe na ncha kali, kwa sababu refa au msaidizi wake hukagua kabla ya mechi. Kipindi cha kiangazi ardhi ya Mwanza ni ngumu kama sakafu. Meno marefu ya chuma hayazami, mguu unabaki umesimama juu ya ncha, ukigeuka ghafla kifundo kinakwenda. Chukua ya plastiki mafupi, na ya chuma uyaweke kwa ajili ya masika. Kinga ya meno ni lazima kuanzia siku ya kwanza ya kugusana. Nunua ile ya kuchovya maji ya moto, fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, na uing'ate hadi ishike umbo la meno yako. Ikicheza mdomoni ukiongea, irudie. Kofia laini ya kichwani inazuia michubuko na masikio kuvimba, haizuii mtikisiko wa ubongo. Wanaoivaa wakidhani imewapa ruhusa ya kuingiza kichwa popote huumia zaidi.

Uwanja wa mpira wa miguu unatosha. Raga inahitaji urefu usiozidi mita 100 kati ya mistari ya trai na upana wa mita 68 hadi 70. Kabla ya kila mazoezi, timu nzima ijipange mstari mmoja na kutembea kutoka upande hadi upande ikiokota mawe, vioo na vifuniko vya soda. Jiji limejengwa juu ya mawe, na kila mvua inaibua mengine. Kwenye changarawe fanyeni pasi na mbio tu. Kwenye nyasi bandia, kama za Nyamagana, mnaweza kucheza, ila magoti na viwiko huchunika, na michubuko hiyo ioshwe kwa maji na sabuni siku hiyohiyo kabla haijatunga usaha. Mazoezi ya kukaba, yaani kumshika mbeba mpira na kumwangusha, yanataka nyasi halisi, na mara nyingi nyasi hizo ziko kwenye shule na vyuo. Nendeni na barua yenye majina, siku na saa, na jina la mtu mzima anayewajibika. Mwalimu wa michezo hawezi kuwakatalia kirahisi mkifika hivyo.

Wapiga mikwaju wana tatizo lao. Goli la mpira wa miguu lina upana wa mita 7.32, la raga ni mita 5.6, na mtambaapanya wa raga uko mita 3 juu wakati wa mpira wa miguu uko mita 2.44. Ukifanya mazoezi kwenye goli la kawaida unajizoesha kukosa. Funga utepe kwenye mtambaapanya, sentimita 86 ndani kutoka kila mlingoti, na ukubali mkwaju kuwa umeingia ikiwa tu umepita katikati ya tepe hizo na juu ya mtambaapanya kwa zaidi ya nusu mita.

Hatua ya 3: Jifunze kukaba kabla ya kujifunza kukimbia na mpira

Hapa ndipo tunataka ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Vijana waliotoka kwenye mpira wa miguu au riadha hufika wakiwa na kasi na miguu mizuri, lakini hawajui kukaba. Kocha anaona udhaifu huo ndani ya dakika kumi. Na zaidi ya hapo, majeraha mengi ya kichwa hutokea kwenye kukaba, na anayeumia mara nyingi ni mkabaji mwenyewe.

Fuata mpangilio huu na usiruke. Wiki mbili za kwanza, nyote wawili mkiwa mmepiga magoti. Wiki mbili zinazofuata, mkabaji amepiga goti moja na mbeba mpira anatembea. Kisha wote mnatembea, kisha nusu mwendo, ndipo mwendo kamili. Kila ngazi, fanya kukaba 20 kwa bega la kulia na 20 kwa la kushoto. Mtu anayejua bega moja tu hupangiwa mashambulizi upande wa pili na timu yoyote yenye macho.

Kitendo chenyewe kina vipande sita. Punguza hatua ukiwa mita mbili hivi, ziwe fupi na za haraka. Weka mguu wa mbele karibu na miguu yake, kwa sababu mguu ukibaki mbali utajirusha, na aliyejirusha hana nguvu. Macho yawe wazi, yakitazama kiuno au kaptula yake. Kichwa kiende nyuma au pembeni ya mwili wake, shavu lako liguse tako lake, kamwe kisiwe mbele ya magoti. Bega ligonge kati ya kiuno na paja, mikono yote miwili ifunge na kuvuta. Mwisho, endelea kusukuma kwa miguu hatua tatu hadi nne, mwangushe, mwachie, simama.

Makosa yanajirudia. Kichwa kikiwa upande usio sahihi, goti au nyonga yake inakupiga kwenye paji. Ukifumba macho, kichwa kinainama na shingo inapokea mzigo. Ukinyoosha mkono mmoja bila bega, bega linateguka, na bega lililoteguka mara moja hurudia. Ukikaba juu ya mabega ni penalti, na ukimgonga kichwani kwa nguvu ni kadi nyekundu. Kadi ya njano inakutoa dakika 10 kwenye raga ya 15 na dakika 2 kwenye saba. Kwenye saba, dakika mbili kati ya 14 zinatosha kupoteza mechi.

Anayekabwa naye ana somo lake. Mpira mikono miwili, kidevu kifuani, anguka kwa mpangilio wa goti, nyonga, bega. Usitangulize kiganja kuzuia ardhi. Mfupa wa mtulinga huvunjika hivyo.

Skramu ya kusukumana (wachezaji wa mbele wa timu mbili wakiinama na kufungamana kugombea mpira) isifanywe bila mtu aliyefundishwa kuisimamia. Shingo inaweza kuvunjika skramu ikianguka. Hata kwenye mechi za vijana chini ya miaka 19, sheria inazuia kusukuma zaidi ya mita 1.5.

World Rugby, shirikisho la raga la dunia, ina mafunzo ya bure mtandaoni kwenye tovuti yake ya Passport, yanafanyika kwa simu. Fanya la usalama linaloitwa Rugby Ready, la mtikisiko wa ubongo na la sheria, na uhifadhi vyeti. Humo pia mna programu ya kupasha mwili moto iitwayo Activate, dakika 15 hadi 20. Utafiti uliofanyika kwenye shule za Uingereza na kuchapishwa 2017 ulionyesha kwamba vijana walioifanya angalau mara tatu kwa wiki waliumia kwa kiasi kidogo sana kuliko wenzao. Ichukue iwe desturi ya timu.

Hatua ya 4: Chagua namba

Namba 1 na 3 ni mapropu, 2 ni huka (watatu hawa ni safu ya mbele ya skramu), 4 na 5 ni maloki, 6 na 7 maflanka, 8 anafunga skramu nyuma, 9 anautoa mpira, 10 anaongoza mchezo, 12 na 13 masenta, 11 na 14 mawinga, 15 fulbeki.

Kila kijana mwenye kasi anataka kuwa winga. Kwa maoni yetu huo ndio mlango wenye foleni ndefu kuliko yote, maana kila nchi ina vijana wenye kasi. Mapropu na mahuka wanaojua kazi yao ni wachache, hukomaa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na klabu huwatafuta msimu mzima. Tendai Mtawarira alizaliwa Zimbabwe na alifika Durban akiwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu. Alipohamishiwa upropu ndipo njia ilipofunguka. Alicheza mechi 117 za Afrika Kusini na kutwaa Kombe la Dunia 2019.

Mtazame baba yako na wajomba zako ujue mwili wako utaelekea wapi ukiwa na miaka 24. Una sentimita 178, mapaja mazito na kilo 95 ukiwa na miaka 18? Jifunze huka, na uanze leo kurusha mpira wa lainauti (unaorudishwa ndani kutoka mstari wa pembeni), mara 50 kwa siku, ukilenga alama ukutani yenye urefu wa mita 3.5. Una sentimita 193? Wewe ni loki hata kama unapenda kukimbia. Mdogo wa mwili mwenye maneno mengi na pasi ya haraka pande zote mbili ajaribu 9. Kisha jifunze namba ya pili, maana timu ikisafiri na watu wachache humchukua anayeziba mapengo mawili.

Hatua ya 5: Jenga mwili kwa kile kilichopo ziwani na mlimani

Pima kwanza. Kipimo kinachotumika na klabu nyingi kinaitwa Bronco na hakihitaji mashine. Weka alama kwenye 0, mita 20, 40 na 60. Kimbia hadi 20 na kurudi, hadi 40 na kurudi, hadi 60 na kurudi. Hiyo ni mita 240. Rudia mara tano bila kupumzika, jumla mita 1,200. Ukianza na dakika 5 na sekunde 40 usikate tamaa. Mbele za kocha wa klabu inayolipa, mchezaji wa nyuma (namba 9 hadi 15) anatakiwa awe chini ya 4:50 na wa mbele (namba 1 hadi 8) chini ya 5:15, na walio bora hukaribia 4:30. Jipime kila baada ya wiki sita, asubuhi, uwanja uleule, na uandike.

Wiki ya kawaida iwe na siku mbili za vyuma, siku mbili za uwanjani, mechi au mbio Jumamosi, na siku mbili za kupumzika kweli. Jumatatu na Jumatano vyuma: skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), dedilifti (kuinua chuma kutoka chini), kuvuta mwili kwenye bomba na kusukuma chuma kifuani, seti 4 za mara 5. Usiongeze uzito mpaka umefanya skwati ya uzito wako mwenyewe mara 5 bila magoti kuingia ndani. Ukifika miaka 20 lenga mara moja na nusu ya uzito wako. Asiye na jimu atumie gunia la mchanga la kilo 40, abebe mwenzake mgongoni, na apande mlima. Mwanza haina uhaba wa vilima vya mawe: panda mbio sekunde 15, shuka kwa kutembea, mara 10. Usishuke mbio, magoti yatakudai. Shingo iwe na dakika zake: sukuma kichwa dhidi ya kiganja, mbele, nyuma, kulia, kushoto, sekunde 10 kila upande, mara tatu.

Chakula hakihitaji unga wa kopo. Mwenye kilo 85 anahitaji protini gramu 136 hivi kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo. Hesabu yake inapatikana sokoni. Mayai manne yana gramu 24, glasi mbili za maziwa au mtindi 16, minofu ya sato iliyopikwa gramu 200 inakupa 52, kikombe cha maharage 15, kiganja cha dagaa wakavu, kama gramu 40, kinakupa zaidi ya 20. Ugali wa dona na wali vinamalizia. Kosa tunaloliona zaidi ni ugali mkubwa na kipande kidogo cha samaki, halafu kijana anashangaa kwa nini kilo zinapanda na nguvu hazipandi. Siku mbili kabla ya mechi ongeza wali, viazi vitamu au matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa). Saa tatu kabla ya mechi kula mara ya mwisho, chakula chepesi kisicho na mafuta mengi.

Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea ni jasho, irudishe kwa lita 1 hadi 1.5 ya maji. Jua likiwa kali, tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Halafu kuna ziwa. Vijana wengi wakimaliza mazoezi huingia ziwani kupoza misuli. Usifanye hivyo. Maji ya ukingoni, hasa penye majani na konokono, yana vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi ndani ya dakika chache, na mkoa wetu ni miongoni mwa maeneo yenye kichocho kingi. Mchezaji anapungukiwa damu, anachoka bila sababu, tumbo linamsumbua, na kocha anamwona mvivu. Kama umeshaogelea miaka yote, nenda ukapimwe choo na mkojo. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatolewa kwa uzito wa mwili. Kwa kupoza misuli tumia pipa la maji ya bomba na barafu. Jiji la wavuvi halikosi barafu. Nyuzi 10 hadi 15, dakika 10, inatosha.

Hatua ya 6: Linda kichwa

Baada ya kugongwa, mchezaji anayeyumba, anayeshika kichwa, anayeuliza matokeo mara mbili, anayetapika au aliyezimia hata sekunde moja, anatoka na harudi siku hiyo. Hakuna mjadala wala kumwagia maji usoni. Akizidi kuumwa kichwa, akilegea mkono au mguu, akiongea ovyo, akisinzia asiamke vizuri au akilalamika shingo, apelekwe hospitali mara moja, na mwenye shingo inayouma asiinuliwe na wenzake. Abaki alipolala mpaka aje anayejua kumfunga.

Kwenye raga ya kulipwa kuna daktari na chumba cha kumpima kwa dakika 12. Ninyi hamna, kwa hiyo kanuni yenu ni kali zaidi: World Rugby inataka mchezaji wa ngazi ya kawaida akae siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi, akianza na mapumziko, kisha kutembea, kisha mbio, kisha mazoezi bila kugusana, na kugusana mwishoni. Dalili zikirudi, anarudi ngazi moja nyuma. Kijana anayeficha ili asikose mashindano ya Jumamosi anaweza kupoteza mwaka mzima, na pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona limewahi kuua vijana.

Hatua ya 7: Zifuate mechi ziliko

Nchini, raga imekita zaidi Arusha na Dar es Salaam. Sajiliwa na klabu iliyo chini ya chama cha raga cha Tanzania hata kama unacheza mashindano machache tu kwa mwaka, na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na NIDA. Usiandikishe jina la utani wala jina la shule lisilolingana. Makaratasi yote yatakayofuata yanategemea hilo.

Kisha tazama kando ya ziwa. Kisumu ina klabu na huandaa mashindano ya Dala Sevens. Juu kidogo, Kakamega, iko Kabras Sugar, iliyotwaa Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya, zaidi ya mara moja. Upande wa Uganda kuna Mongers wa Entebbe, Hippos wa Jinja, na Kampala wako Heathens, Kobs na Pirates. Ligi ya 15 ya Kenya huanza mwishoni mwa mwaka hadi kwenye Mei, ya Uganda huchukua nusu ya kwanza ya mwaka, na saba huchezwa kuanzia katikati ya mwaka pande zote mbili. Kwa basi la Musoma, Tarime na Sirari unafika Kisumu ndani ya siku moja. Beba pasipoti na kadi ya njano ya chanjo.

Usifike bila taarifa. Mwandikie kocha wiki tatu kabla, mistari mitano: jina, umri, namba unayocheza, urefu na uzito, muda wa Bronco, na ombi la kufanya nao mazoezi wiki mbili. Wengi hukubali. Nenda na pesa ya chakula na kulala ya muda wote pamoja na nauli ya kurudi iliyofungwa kando. Asiye na nauli ya kurudi hukubali lolote.

Mzazi mwenye uwezo wa kuchagua shule afikirie Maseno karibu na Kisumu au Namilyango huko Uganda, ambako raga ni sehemu ya shule. Aliyemaliza kidato cha sita aangalie vyuo: Strathmore ya Nairobi na Makerere ya Kampala vina timu, na Afrika Kusini vyuo kama Stellenbosch na Cape Town vinacheza Varsity Cup. Njia ya chuo tunaipendekeza kuliko zote. Inakupa viza halali, mechi za kila wiki, na shahada. Usiache shule kwa ahadi ya majaribio.

Hatua ya 8: Video

Rekodi kila mechi kwa simu, kutoka mahali pa juu, katikati ya uwanja, kwa upana, bila kuvuta karibu. Ukishapata mechi nane hivi, kata dakika tatu hadi nne. Anza na kukaba, kisha kazi za raki (kugombea mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa), kisha kubeba mpira, mwishoni trai. Weka mshale juu yako kabla ya kila tukio kuanza. Usiweke muziki. Mwanzoni yawepo maandishi: tarehe ya kuzaliwa, uraia, urefu, uzito, namba, muda wa Bronco. Ambatanisha mechi mbili nzima bila kukatwa, moja kati ya hizo timu yako iwe imefungwa. Kocha makini atatazama hiyo kwanza, aone unakaba vipi ukiwa nyuma kwa pointi 20. Klabu nyingi za Ufaransa hujaza nafasi za msimu ujao miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo video iwe tayari Desemba.

Hatua ya 9: Kaa safi

Orodha ya dawa na vitu vilivyokatazwa kwa wanamichezo hubadilishwa kila tarehe 1 Januari. Mirungi ina kathini, iliyokatazwa siku ya mechi kama ilivyo bangi. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoefedrini, ambayo nayo imo kwenye orodha. Sindano ya goti na vidonge vya prednisolone navyo vinaweza kukuponza. Mitishamba na unga wa kujenga misuli usio na lebo huwezi kujua una nini. Mwambie daktari kabla hajaandika chochote kwamba wewe ni mchezaji unayepimwa. Ukinaswa, kanuni ni kwamba unawajibika kwa kila kilicho mwilini mwako, na kosa la makusudi ni kufungiwa miaka minne. Katika kazi fupi kama hii, miaka minne ni kazi yote.

Hatua ya 10: Wakala, mkataba na hati ya kuhama

Wakala wa kweli hulipwa kutokana na mkataba akishaupata. Ufaransa sheria inamzuia kuzidi asilimia 10. Anayetaka pesa ya usajili, ya viza au ya majaribio kabla hujasaini, mwache. Omba jina la klabu, kisha uwaandikie klabu wenyewe kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yao.

Ukipewa mkataba, usitazame mshahara peke yake. Uliza ni kabla au baada ya kodi. Uliza nani analipa nyumba, tiketi ya kwenda na kurudi, na viza. Tafuta kifungu cha kuumia: utalipwa miezi mingapi, upasuaji na mazoezi ya kupona nani anagharimia, na wanaweza kukuvunjia mkataba ukiwa hospitalini? Kifungu hicho kisipokuwepo, omba kiandikwe kabla ya kusaini. Kama uko kwa lugha usiyoielewa, dai tafsiri na umpe mwanasheria hata wa mjini hapa, kwa saa moja. Klabu za ngazi za chini Ufaransa mara nyingi hutoa posho, chumba na kazi ya mchana. Hilo si la kudharau kwa mwaka wa kwanza, mradi kibali chako kinaruhusu kazi hiyo. Ujue pia kwamba klabu za juu kule zina masharti ya idadi ya wachezaji waliokulia kwenye akademi zao, kwa hiyo nafasi za wageni ni chache na mgeni hutakiwa awe bora kuliko mwenyeji, si sawa naye.

Fikiri kabla ya kuvaa jezi ya taifa la wengine. Mbali na kuzaliwa nchini humo au kuwa na mzazi au babu aliyezaliwa humo, unahitaji miezi 60 ya kusajiliwa humo mfululizo au jumla ya miaka 10 ya kuishi. Ukishacheza timu ya wakubwa ya nchi moja, kubadilisha kunawezekana mara moja tu, baada ya miaka mitatu bila mechi ya taifa, na kwa nchi uliyozaliwa wewe, mzazi au babu yako.

Mwisho ni karatasi inayosahaulika kuliko zote. Mchezaji hawezi kusajiliwa chini ya chama cha nchi nyingine bila hati ya ruhusa kutoka chama anachotoka. Iombe mara tu klabu inapothibitisha kukutaka, ukiwa na nakala ya pasipoti, barua ya klabu yako ya sasa kwamba huna deni, na jina lilelile kila mahali. Kama majina yanatofautiana, maliza suala hilo kwa kiapo cha kisheria kabla ya kuomba, kwa sababu kila barua inayorudishwa inakula wiki, na wiki hizo utakuwa unafanya mazoezi bila kucheza. Siku ya kurudi nyumbani utahitaji hati hiyohiyo kutoka upande wa pili. Iombe kabla leseni yako ya kule haijaisha na kabla watu wanaokujua ofisini hawajabadilishwa.